Besi ya Gari la Mikate

3 Januari

Mpwa wangu,

Kosa la watu wengi wenye muziki ndani ya gari ni hili: sauti ikianza kukwaruza, wanaiongeza. Wanadhani spika imechoka, kumbe imeelemewa, nao wanazidi kuitwika. Nimeanza na kosa kabla ya salamu, jambo ambalo marehemu bibi yako asingenisamehe, lakini hasira yangu leo imeingia ndani bila kubisha hodi.

Haya, salamu. Sisi huku wazima. Mkazamjomba wako bado analalamikia goti, hasa akishuka ngazi, lakini mdomo hauna tatizo lolote. Paa la jikoni tumeliziba. Mimi nakula, nalala, nasoma.

Sasa, mama yako, dada yangu wa pekee, ambaye hajawahi kufaulu kuficha neno, amenipa habari mbili kwa mkupuo. Ya kwanza, sabufa ya gari lako imekufa. Ya pili, umewatangazia wapakiaji wote pale kiwanda cha mikate kwamba imeuawa na boksi la "yule mwalimu mstaafu, fundi wa makadirio". Mpwa, nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, na jioni zote za miaka hiyo nimetengeneza redio za watu. Boksi lile nililipima mara tatu kabla msumeno haujagusa ubao. Kila kona niliitia silikoni, nikaliacha siku mbili likauke. Makadirio yako wapi hapo?

Nitakueleza kilichotokea, kwa kuwa naona hakuna mwingine atakayekueleza. Besi ni wimbi: linapanda, linashuka, na spika inakwenda mbele na kurudi nyuma kulifuata. Nyuma yake kuna koili, waya mwembamba uliosokotwa, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakoipepea isipate moto. Ukiidai amplifaya zaidi ya uwezo wake, inakata vichwa vya mawimbi, yanakuwa bapa kama meza. Umeme unaendelea kumiminika, lakini spika haina pa kwenda. Inasimama pale pale ikiungua. Sabufa nyingi hufa hivyo, na wenyewe hulaumu boksi.

Nijibu mambo manne. Ulipokufa muziki, palinuka? Waya unaotoka kwenye betri ni ule mnene niliokupa, au umebadilisha? Boksi liko wapi ndani ya gari? Na kile kitufe kidogo cha kuzungusha kwenye amplifaya, nilichokitia alama ya rangi nyeupe nikakuambia kisivuke hapo, sasa kinaelekea wapi?

Mjomba wako


9 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Pole kwa mkazamjomba na goti. Sisi tupo. Mama hajambo ila amekuwa mtu wa kununa, anasema ananiita siitiki. Mke wangu kajiunga naye. Wanakaa mezani wananong'ona nami nipo hapo hapo, nikiuliza mnasema nini wananiambia hakuna aliyenong'ona. Ndiyo nyumba yangu hiyo siku hizi.

Nimeona ulipiga simu mara mbili. Usipige, mtandao wa huku mbovu, maneno yanafika nusu nusu. Tuandikiane tu kama zamani, si unapenda?

Maswali yako. Ilinuka, ndiyo, kama mpini wa sufuria uliosahauliwa motoni. Waya ni ule ule. Boksi liko nyuma kabisa, ubavuni pa mlango, pale pale ulipolifunga mwenyewe nyuma ya rafu za trei.

Nikanunua nyingine, nzuri, ya inchi kumi na mbili. Imekufa wiki iliyopita. Haikumaliza siku ishirini. Sasa hiyo nayo niliiua mimi? Spika mbili, boksi moja. Wewe ni mwalimu, toa jibu.

Na usidhani nacheza. Gari hili linajulikana kwa besi. Wateja wanatoka na vikapu kabla sijafika kona, sihitaji hata honi. Bosi mwenyewe alikuwa anasema mikate inauzwa na muziki. Siku hizi besi haina kitu. Nafungua mpaka mwisho na bado ni kama ngoma inapigwa nyumba ya tatu. Halafu mwenye duka mmoja ananiambia nipunguze, eti chupa zake zinacheza kwenye rafu. Anasema uongo, ananitafuta tu.

Boksi lako ni dogo. Nimelituma na basi la vifurushi pamoja na spika iliyoungua, ujionee. Nitengenezee kubwa zaidi. Lile neno la makadirio nililisema kwa utani, lakini, Mjomba, hata utani una mahali unapotoka.

Mpwa wako


2 Machi

Mpwa wangu,

Salamu zako zimefika, na goti linashukuru. Mvua imeturudia, mkazamjomba wako ameanika nguo mara nne leo na kuzianua mara nne, kwa hiyo nyumba hii nayo haina amani. Dada yangu ameniandikia tena. Analalamika kwamba umeota kiburi. Anakuita ukiwa umempa mgongo, unaendelea na shughuli zako kama aliyeita ni paka. Nimesoma sehemu hiyo mara mbili.

Boksi nimelipokea na kuliweka juu ya meza yangu ya kazi. Spika niliitoa, nikaibonyeza taratibu kwa vidole vya mikono miwili, pande zote sawasawa. Ikakwaruza kama mchanga kwenye sahani. Koili nyeusi tii, ngozi ya waya imeungua yote. Spika haiungui hivyo kwa sababu ya boksi dogo. Huungua hivyo kwa mkono mzito. Nilikuuliza mambo manne, ukajibu matatu kwa ufasaha, na la nne ukaliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Kitufe kiko wapi, Mpwa?

Kuna jingine. Ubavu wa boksi umepasuka, na ufa wenyewe umeingia ndani. Fikiri nami. Sabufa inasukuma hewa kutoka ndani kwenda nje. Ingekuwa na nguvu ya kupasua ubao wa unene ule, na haina, nyuzi za ubao zingetokeza nje. Hizi zimebonyea ndani, na ndani yake nimekuta makombo ya mkate na chembe za rangi ya njano. Kuna kitu cha chuma cha njano kiliupiga mlango wa nyuma, na mlango ukalipiga boksi. Ni nini?

Kuhusu besi nzuri, nitakuambia bure, ingawa hunistahili. Besi nzuri hailetwi na ukubwa. Boksi lisivuje hewa hata penye tundu la waya. Waya wa athi, ule wa kurudisha umeme, ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, siyo juu ya rangi. Mlango wa nyuma na kibao cha namba vitiwe vipande vya mpira, maana nusu ya kelele mnayoiita besi ni bati linalotetemeka. Kisha fungua redio robo tatu tu, na kitufe cha amplifaya ukianzie chini kabisa. Kipandishe polepole mpaka usikie sauti inaanza kuchafuka, halafu kirudishe nyuma kidogo. Hapo pako. Hata ukiongezewa spika tano, hapo ndipo pako.

Kuna neno moja zaidi. Siliandiki leo, kwa kuwa nina hasira, na neno hilo halifai kuandikwa kwa hasira. Boksi jingine sitengenezi.

Mjomba wako


28 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, mke wangu mzima, mimi mzima.

Boksi walilipasua watu wa basi. Wanarusha vifurushi kama matofali, kila mtu anajua. Sijui rangi ya njano. Mabasi yana rangi nyingi.

Nilikuomba boksi, umeniletea darasa. Nina miaka thelathini na minne. Naamka saa kumi alfajiri kila siku, napakia trei mia mbili, nazunguka maduka arobaini, na kitu kimoja tu ndani ya gari lile ni changu, nacho ni muziki. Wewe umekaa na meza yako unanusa ufa kama mpelelezi.

Nimenunua boksi la dukani, limekuja na spika mbili zake. Nimefanya hayo mambo yako ya kitufe. Nimeanzia chini, nimepandisha polepole nikisubiri sauti ichafuke kama ulivyoandika. Haichafuki. Nimefika mwisho wa kitufe haijachafuka. Mpakiaji wangu, Kipara, alikuwa kasimama nje, akaja mbio akazima mwenyewe, akasema inakwaruza vibaya. Mimi sikusikia mkwaruzo wowote. Besi naisikia kifuani, inanigonga hapa mbavuni, lakini masikioni ni kama imefunikwa blanketi. Na nikizima kabisa kunabaki mbu. Analia mpaka nalala.

Usiniambie tena kuhusu mawimbi. Niambie tu nifanye nini sauti ifunguke. Na kama bado una hasira ya makadirio, sema, nitakuomba radhi mbele ya hao wapakiaji, yaishe.

Mpwa wako


11 Juni

Mjomba,

Hukujibu. Miezi miwili na nusu. Nilidhani umeumwa, nikamuuliza Mama, akasema mjomba wako mzima, anafanya uungwana wa kununa tu. Kwa hiyo shikamoo, na pole kwa kununa.

Nyumbani si kuzuri. Mke wangu amekwenda kwa dada yake wiki ya pili hii. Alisema amechoka kuishi na mtu anayemjibu "eeh" kwa kila kitu. Kumbe siku moja aliniuliza kama simpendi tena, nami nikajibu eeh.

Nakwambia habari ya ufa sasa. Watu wa basi hawakuhusika. Ilikuwa Desemba, kabla hata Mama hajakuandikia. Kiwandani kuna ngazi ya chuma ya kupakilia, imepakwa rangi ya njano. Nilikuwa narudi nyuma kuifuata, muziki umefunguliwa wote. Kipara alikuwa nyuma na kitoroli cha trei. Aliniita, akapiga ubavu wa gari kwa kofi, mwishowe akaruka. Kitoroli kilikunjwa, mlango ukabonyea, boksi likapasuka. Nilimwambia bosi breki zilichelewa. Kipara alinisimamia, akasema naye ameziona zikichelewa. Ndiyo maana nikaanza kulisema vibaya boksi lako. Lilikuwa limepasuka na sikutaka mtu aulize limepasukaje. Na kitufe, kiko mwisho. Kiko mwisho tangu Oktoba.

Hayo ningeweza kukaa nayo. Lakini Jumatano iliyopita imetokea tena.

Zile spika mbili za dukani nazo zilikwisha kufa, kwa hiyo redio ilikuwa imezimwa, Mjomba. Hakukuwa na muziki. Saa kumi na moja alfajiri, kiwanja kitupu, kioo changu kimeshushwa. Nikarudi nyuma kama kawaida. Safari hii Kipara hakuwahi kuruka. Mguu wake wa kulia umebanwa kati ya gari na ngazi. Vidole vitatu vimekatwa, vingine wanangojea kuona.

Nilikwenda wodini na machungwa. Alikuwa ameegemea mto, nikakaa mbele yake, uso kwa uso, hapo namsikia mtu vizuri. Akaniambia, "Nilikuita mpaka koo likakauka, kaka. Ulikuwa umeninunia?"

Nikamwambia ndiyo.

Nilimwambia ndiyo, nilikuwa nimekununia kwa ile siku ulipozima muziki wangu. Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo pale kiwandani hakuna anayenisalimu, na wana haki.

Naendelea kuendesha. Bosi hajaniondoa kwa sababu hana dereva mwingine anayejua njia zote. Mwezi ujao ni kupima afya kwa ajili ya leseni. Mwaka jana daktari aliuliza tu unasikia vizuri, nikasema ndiyo, akaweka alama. Mwaka huu wamesema kuna mashine. Wakinipima wananichukulia leseni, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua.

Hutaki kujibu, usijibu. Lakini ilikuwa lazima nimwambie mtu mmoja.

Mpwa wako


15 Juni

Mpwa wangu,

Mkazamjomba wako anakusalimu. Goti limepona, basi hana tena la kulalamikia isipokuwa mimi, na safari hii namkubalia.

Nilijua tangu Machi. Nakuandikia hili mwanzoni ili usije ukalifikia mwishoni ukadhani nilitaka kulificha. Mama anakuita kwa nyuma huitiki. Watu wazima wawili wananong'ona mezani. Chupa za dukani zinacheza nawe unasema besi haina kitu. Simu hutaki, eti mtandao, na jirani yako ananipigia kila mwezi kutoka mlango wa pili. Mwanafunzi wa kidato cha pili angejumlisha. Nikajumlisha, nikapata jibu, nikaliweka kwenye droo. Halafu ikaja barua yako yenye mbu na blanketi, na huyo Kipara akasikia mkwaruzo ambao wewe hukuusikia. Pale hapakubaki shaka hata ya kubandikia stempu. Nikanuna. Kwa sababu uliniita fundi wa makadirio mbele ya watu wasionijua, mimi, mzee wa miaka sitini na tisa, nilikaa na jibu lile miezi miwili na nusu nikingoja uniombe radhi vizuri zaidi. Vidole vitatu vya yule kijana, kimoja ni changu. Nakihesabu kila asubuhi.

Kwa hiyo nina hasira, lakini si ile ya Januari; ya kwanza ni yangu mwenyewe.

Ile hasira nyingine ni yako, na utaisoma yote. Mwaka mzima umebeba kelele ndani ya kasha la bati, saa sita kwa siku, vioo juu. Spika zilipoungua ulinunua nyingine. Ulizika nne. Sikio nalo lina nyuzi zake ndani, ndogo kuliko unywele, zinazokwenda na kurudi na sauti kama vile spika inavyokwenda, nazo zikielemewa zinaanguka. Hizo haziuzwi dukani. Kwanza zinaanguka zile za sauti nyembamba: herufi za mwisho za maneno, sauti ya mke, kelele ya mtu anayekuita kwa nyuma. Besi inabaki kifuani kukudanganya kwamba bado unasikia. Nawe ukazidi kufungua. Nilikuandikia Januari kosa la watu wengi, na nikashindwa kuona kwamba sikuwa nikikuandikia habari za spika.

Nilijuaje? Sikio langu la kushoto halisikii tangu nina miaka arobaini na mbili. Nilikuwa nikipima spika za wateja kwa kuinamia na kuliweka sikio hilo karibu, kila jioni, miaka kumi na tano. Darasani nilijifanya mkali. Mtoto akijibu kutoka upande wa kushoto, nilimwambia jibu lake halifai, akae chini. Wengine walikuwa wamejibu sawasawa. Kuna binti mmoja aliacha kunyoosha mkono kabisa. Sijawahi kumwambia mtu haya, hata mkazamjomba wako, ambaye amelala upande wangu wa kulia miaka yote akidhani ni mapenzi.

Na ndiyo maana ile "ndiyo" yako kwa Kipara imeniumiza kuliko mguu wake. Ulimtazama mtu aliyelala kitandani kwa sababu yako, ukaona ni heri akudhanie katili kuliko akudhanie kiziwi. Mkeo umemfanyia hivyo hivyo. Anadhani amechukiwa. Mtu haombi talaka kwa sababu ya sikio, Mpwa, ila kwa kiburi anaomba. Nilitaka kukuandikia ile methali ya asiyesikia la mkuu, mkono ukakataa.

Unaogopa leseni. Huenda wakaichukua, sitakudanganya. Huenda wakakupa kifaa cha sikio, wakakuacha uendeshe, sijui, mimi si daktari. Najua tu kwamba kilichoanguka hakirudi, na kilichobaki kinaweza kulindwa ukianza mapema. Kila wiki unayoficha unaitoa katika hicho kilichobaki. Pale kiwandani kuna tanuri, kuna daftari la maduka, kuna kazi za mtu anayejua njia zote bila kushika usukani. Bosi akikufukuza, njoo hapa. Meza yangu ya kazi ina kiti cha pili, nami ni mzee mwenye sikio moja, tutapata redio za kutosha kugombania.

Boksi lako nimeliziba ufa, nimeweka spika mpya ndogo, ya inchi nane. Besi yake ni safi. Halitoki chini ya meza hii mpaka nione karatasi ya vipimo kwa macho yangu, na ukipiga kelele nitakugeuzia sikio la kushoto.

Barua hii nimempa dereva wa basi la vifurushi, atakukabidhi mkononi kesho kutwa alfajiri kabla hujapakia. Kwa hiyo ninaposema leo, nasema siku hiyo unayosimama pale kiwanjani na karatasi hii.

Leo usiwashe gari: mpe bosi ufunguo, umwambie kwa nini, na uende kwa miguu ukapimwe masikio.

Mjomba wako